Kazi ya Kuutafutia Msitu Pesa: Hotuba kwa Wahitimu wa Kidato cha Sita

(Hotuba hii ilitolewa na mgeni rasmi kwenye mahafali ya Kidato cha Sita katika shule moja ya sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga. Imeandikwa upya kwa ajili ya kusomwa. Salamu na vigelegele vimepunguzwa.)

Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wangu shikamooni, wazazi na walezi, wahitimu, na wadogo zao wa Kidato cha Tano mnaobaki kulinda shule. Itifaki imezingatiwa na wote walionitangulia, sina sababu ya kuirudia. Harufu ya pilau imeshafika hapa mbele, na mimi pia ninaisikia.

Mshereheshaji amenitambulisha kama mtaalamu wa uhifadhi, nikawaona baadhi yenu mnanitazama viatu. Mtu wa uhifadhi tuliyemzoea kwenye picha amevaa kombati za kijani, ana darubini shingoni, na nyuma yake amesimama tembo. Mimi nimekuja na begi la kompyuta. Kazi yangu ni kutafuta pesa. Askari wa doria akilala msituni wiki nzima, kuna mtu mahali fulani aliyekaa akapiga hesabu ya posho yake, buti zake na mafuta ya gari lililompeleka, akaiandikia andiko la mradi, akalituma, akasubiri miezi, akajibiwa hapana, akaandika jingine. Mtu huyo ndiye mimi. Tembo nimemwona mara chache kuliko madereva wa mabasi ya Mikumi.

Mkuu wa Shule ameniomba niwaeleze shule ilivyonifikisha kwenye kazi hii. Jibu la adabu lingekuwa kuwasifu walimu wa baiolojia. Naomba wanisamehe. Walinifundisha vizuri, usanisinuru naujua mpaka leo, lakini sijapata mfadhili aliyeniuliza habari za usanisinuru. Nikiangalia nyuma kwa uaminifu, vilivyonitengeneza ni vitu ambavyo havikuwa na mtihani wala havikuandikwa kwenye cheti. Nianze na risala, kwa kuwa tumetoka kuisikia sasa hivi.

Kila aliyesoma shule ya serikali nchi hii anaijua risala. Mgeni rasmi anakuja, mwanafunzi anasimamishwa, karatasi inatetemeka mkononi. Tunamshukuru Mungu, tunamkaribisha mgeni, tunataja historia fupi ya shule na idadi ya wanafunzi, wavulana kadhaa na wasichana kadhaa, tunataja mafanikio, tunaingia kwenye changamoto, halafu mwisho kabisa, sauti ikiwa imeshuka kidogo, tunaomba. Mimi nilikuwa msoma risala tangu Kidato cha Pili. Sikuchaguliwa kwa akili. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, na sauti yangu ilifika nyuma bila kipaza sauti.

Sasa nikiwafungulia andiko la mradi ninaloandika leo, lile linalotumwa Ulaya au Marekani, mtacheka. Taasisi yenu ni ipi na ilianza lini. Mmefanya nini mpaka sasa. Tatizo ni nini. Mnataka kufanya nini. Mnahitaji kiasi gani. Ni risala ile ile, isipokuwa ina majedwali.

Na si mimi tu niliyeanzia hapo. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, ulifanyika Arusha mkutano wa kimataifa kuhusu uhifadhi katika Afrika. Mwalimu Nyerere, wakati ule Waziri Mkuu wa Tanganyika, alitoa pale tamko fupi ambalo watu wa fani yetu tunalirudia mpaka leo. Lilianza kwa kusema kwamba wanyamapori na mahali wanapoishi ni sehemu ya maliasili yetu na ya riziki yetu ya baadaye. Likafuata na ahadi: sisi wenyewe tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu wauone utajiri huu. Ndipo mwisho likasema kazi hii inataka utaalamu, watu waliofunzwa, na pesa, na kwamba tunatazamia mataifa mengine yashirikiane nasi. Angalieni mpangilio. Thamani ya kitu imekuja mbele, ahadi ya mwombaji mwenyewe ikafuata, na ombi likawekwa mwisho, limetajwa kwa jina lake, pesa, bila kuzungushwa. Aliyelitoa alikuwa amefundisha sekondari Pugu miaka michache tu nyuma. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kule Kilimanjaro, na wale watu waliofunzwa wakaanza kupatikana.

Lakini risala zetu za shuleni zina ugonjwa, na ugonjwa huo nimewakuta nao hata wasomi wenye shahada mbili. Ugonjwa wenyewe uko kwenye sehemu ya changamoto. Uhaba wa vitabu, uhaba wa maji, uhaba wa matundu ya vyoo, uhaba wa uzio. Tunapanga uhaba kama matofali, tukiamini ukuta ukiwa mrefu mgeni atalia.

Nichukue mfano wa leo, na aliyesoma asijisikie vibaya, maana amesoma vizuri sana. Risala imesema klabu ya mazingira inakabiliwa na uhaba wa maji kwenye kitalu cha miche, na kwamba mnaomba tanki. Basi. Wakati wa chai nilimvuta pembeni mwenyekiti wa klabu, nikamuuliza maswali mawili matatu. Binti yule hakushika karatasi. Akanieleza kwamba wanaotesha mvule, mkangazi na msambu, kwamba wakulima wa vijiji vya jirani wanakuja kuchukua miche ya mvule mvua zinapokaribia, kwamba kiangazi kilichopita miche mingi ilikufa ndani ya juma moja pampu ilipoharibika, na kwamba wameweka zamu ya kumwagilia mpaka wakati wa likizo kwa wale wanaoishi karibu. Nikamuuliza, mwanangu, mbona haya yote hayamo kwenye risala? Akasema, "Tuliona tusimchoshe mgeni."

Wahitimu, hicho mlichokiondoa ili msinichoshe ndicho ninachotumwa kukitafuta kila siku nikienda vijijini. Mtu mwenye pesa anaweza kukupa mara moja kwa huruma. Mara ya pili anataka kujua miche ile iko wapi. Tanki nitalitoa, Mkuu wa Shule, naomba liandikwe kwenye muhtasari. Ila naomba ombi liandikwe upya, ukurasa mmoja, na aliandike mwenyekiti wa klabu kwa mkono wake, kama alivyonieleza pale kwenye chai. Asisahihishwe sana.

(Makofi.)

Sasa niwaambie habari ya daftari. Enzi zetu, kama ilivyo hapa, kulikuwa na Klabu ya Malihai, klabu ya wanafunzi ya uhifadhi. Klabu hizi zilianzishwa nchini mwaka 1980, makao makuu yake yakawa Arusha, na shule nyingi zilijiunga kwa sababu kulikuwa na tumaini la safari ya mbugani. Nisiwadanganye, na mimi nilijiunga kwa ajili ya safari. Mlezi wetu alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu mkali, hakuwa na habari sana na wanyama. Akanifanya mweka hazina. Akaninunulia daftari la kaunta, lile gumu, akachora mstari katikati, kushoto mapato, kulia matumizi, akasema kila Ijumaa utasoma mstarini kilichoingia na kilichotoka, mbele ya shule nzima, wanachama na wasio wanachama.

Mnaweza kufikiri kusoma namba mbele ya wanafunzi wenye njaa ni jambo dogo. Jaribuni. Ukisema "mkate, shilingi kadhaa," kuna mtu nyuma anajua bei ya mkate dukani. Nilijifunza haraka kwamba risiti ni ngao yangu mwenyewe. Mwalimu hakuwa ananifundisha hesabu, hesabu nilikuwa nazijua. Alikuwa ananizoesha kutazamwa.

Kisha likatokea jambo ambalo nadhani ndilo lililonifanya niwe hivi nilivyo. Tulichangisha darasa kwa darasa kwa ajili ya basi la Mikumi. Mwenye basi akatupunguzia bei, pesa ikabaki. Wanachama wakafurahi, wakasema tushone fulana za klabu. Mimi nikaona ni sawa, pesa si ya klabu? Mlezi akauliza swali moja tu: mlipopita madarasani mliomba pesa ya nini? Ya basi. Basi rudini mkawaulize. Tukapita darasa moja moja kuomba ruhusa ya kugeuza matumizi. Mengi yakakubali. Darasa moja la Kidato cha Tatu likakataa katakata, likataka pesa yake, na tukawarudishia mpaka senti ya mwisho. Fulana zikapungua. Wenzangu walininunia, kana kwamba mimi ndiye niliyetunga kanuni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini, mfadhili alitupa fedha za kuotesha na kupanda miche pembezoni mwa hifadhi. Mvua za vuli hazikuja. Kila mtu ofisini alijua jambo la busara ni kuhamishia pesa ile kwenye kusafisha barabara za kuzuia moto, maana ukame ule ungeleta moto. Na kila mtu alitaka tuhamishe kimya kimya, tuje kueleza kwenye taarifa ya mwisho wa mwaka. Nikakataa. Tukaandika barua kwanza, tukaeleza mvua, tukaomba. Mfadhili alijibu siku ya pili, akakubali, na msimu uliofuata akaongeza fungu. Wakaniuliza nimesomea wapi usimamizi wa fedha za wafadhili. Kwa kweli nimesomea kwenye darasa la Kidato cha Tatu lililokataa fulana.

Kwa hiyo wazazi, mtoto akija nyumbani akasema amechaguliwa kuwa mweka hazina wa kwaya, wa timu, wa ushirika wa dini, msimwambie aache upuuzi akasome. Anasoma.

Nina jambo moja la kuwaambia walimu, na nalisema kwa heshima, maana wengine hapa ni wakubwa wangu. Ni kuhusu ndoo ya maji.

Katika shule nyingi nilizozijua, ikiwemo niliyosoma, mwanafunzi aliyechelewa alimwagilia miti. Aliyeongea darasani alichimba mashimo ya miti. Aliyetoroka bweni alifyeka. Mwalimu wa zamu hakuwa na nia mbaya, miti ilihitaji maji na wakosaji walikuwepo. Lakini hebu jiwekeni mahali pa kijana huyo kwa miaka sita. Kila alipogusa mti, aligusa kwa sababu alikuwa amekosea. Akimaliza shule, mti na yeye wameshakosana. Leo mimi naingia kwenye mkutano wa kijiji kuzungumzia upandaji miti, nawaona wanaume wazima wamekunja mikono, na naapa nawaona wanafunzi waliochelewa mstarini.

Ndiyo maana namtaja sana Profesa Wangari Maathai wa Kenya kwa watu wanaotaka kuingia kazi hii. Yeye mti hakukutana nao kama adhabu. Alikulia Ihithe, Nyeri, na amesimulia jinsi mama yake alivyomwambia asiokote kuni chini ya mkuyu kwa kuwa ule ni mti wa Mungu, na jinsi alivyokuwa akichezea mayai ya vyura kwenye kijito kilichotokea hapo. Elimu ya darasani ndiyo iliyokuja baadaye kumweleza kwa nini kijito kilikuwepo: mizizi ile mirefu ilikuwa inapenya ardhi na kuyapa maji njia. Alisoma Loreto Limuru, mwaka 1960 akaenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, akasomea baiolojia, akarudi, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa maabara mpaka kustaafu.

Tarehe 5 Juni 1977 alipanda na wenzake miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Kampeni ile waliita harambee ya kuiokoa ardhi. Wazazi mliowahi kuishi Kenya mnaijua harambee. Miaka ile watu walikuwa wakijenga shule za sekondari za vijiji kwa harambee, huyu analeta kuku, yule analeta mabati. Wakenya walikuwa wameshajifunza kuchangia elimu, naye akaichukua njia hiyo hiyo akaielekeza kwenye miti. Kisha Green Belt Movement, jumuiya ya upandaji miti aliyoianzisha, ikaweka utaratibu ambao mimi nauona ni wa akili kuliko maandiko mengi ninayoyasoma: mwanamke aliyeotesha miche alilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopandwa ukashika. Uliopandwa ukafa haukulipwa. Hiyo ndiyo hesabu anayoitaka mfadhili, na ni hesabu ambayo mama wa kijijini anaweza kuifanya mwenyewe kwa kupita shambani na kuhesabu. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Walimu wangu, wakosaji wapeni adhabu nyingine. Sakafu zipo.

(Vicheko.)

Naona vijana wa HKL na ECA, yaani wa lugha na wa biashara, mnajiuliza nimewaacha wapi, maana mazingira yote yanaonekana kuwa mali ya wanasayansi wa CBG na PCB. Niseme haraka. Katika watafuta fedha ninaowajua, wanabaiolojia ni wachache. Yupo aliyesoma lugha, na huyo ndiye tunayempa barua ngumu. Yupo mhasibu. Yupo mmoja aliyesomea sheria, na kila mkataba unapita kwake. Shule zimewagawa kwenye tahasusi, lakini msitu unawahitaji wote, hasa wanaojua kuandika sentensi ikaeleweka. Kiswahili chenu msikitupe. Mimi kila andiko naliandika kwanza kwa Kiswahili, nalisomea wanakijiji, wakinicheka nalibadilisha, ndipo nalitafsiri. Andiko ambalo mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji halielewi, lina kasoro, hata kama Kiingereza chake kinang'aa.

Na kwa yeyote anayefikiri kozi aliyopata ni ndogo, mfikirieni Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, safarini akitoa mihadhara. Alipomaliza shule Uingereza, familia yake haikuwa na uwezo wa kumpeleka chuo kikuu. Akaenda chuo cha ukatibu muhtasi, akajifunza kupiga chapa na kuandika hati mkato. Kozi hiyo ndiyo iliyomwezesha kuajiriwa na Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, alipofika Nairobi mwaka 1957, kama katibu. Julai 1960 akafika Gombe, kule Kigoma, kuwachunguza sokwe.

Pesa ya kumpeleka Gombe ilitoka wapi? Hapa watu wa fani yangu tunasogeza viti. Wakubwa wa sayansi hawakuwa tayari kumlipia binti asiye na shahada. Leakey alimwendea Leighton Wilkie, mfanyabiashara wa Marekani ambaye kampuni yake ilitengeneza mashine na zana. Wilkie alivutiwa na historia ya zana, jinsi binadamu alivyoanza kuzitumia. Akatoa dola 3,000 za kuanzia. Kabla mwaka ule haujaisha, Goodall akamwona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Sokwe anatumia zana! Sidhani kama kuna mtengeneza zana aliyewahi kupata thamani zaidi ya dola zake. Baada ya hapo National Geographic, jumuiya ya jiografia ya Marekani, nao wakaingia kufadhili. Leakey hakumlilia Wilkie kuhusu uhaba. Alijua mtu yule anapenda kujua nini. Kumjua mtu anapenda kujua nini ni jambo mnalolifanya bwenini kila siku mkitaka kuazima daftari.

Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana barazani kwa Goodall, Dar es Salaam, wakaanza kikundi cha vijana wa kutunza mazingira, kile cha Roots & Shoots, ambacho leo kiko katika nchi nyingi duniani. Walianza wanafunzi wa sekondari, wa rika lenu na la wadogo zenu.

Niingie sasa kwenye hali ya kazi yenyewe, maana sitaki mtoke hapa mkidhani pesa zinasubiri ukurasa mzuri. Hali ni ngumu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa. Miradi ya uhifadhi ikakatika katikati, watu wakapewa barua za kuachishwa. Wenye umri wangu tulijenga ofisi nzima juu ya mfadhili mmoja au wawili, na sasa tunaona ilikuwa ni kujenga kando ya korongo.

Mimi naona kizazi chenu kitafute pesa kwa njia tofauti, na mifano haiko mbali. Milima hii yetu ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, linaloanzia Taita kule Kenya mpaka kusini mwa Udzungwa. Misaada ya Ufini, ambayo awali ilisaidia kiwanda cha mbao kilichokuwa kikivuna misitu hii, baada ya kelele za wanasayansi na wananchi iligeuka ikafadhili uhifadhi wake, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, hekta 8,380. Mradi wa Wafini ulipofika mwisho swali likawa: kesho nani analipa? Mwaka 2001 ukaanzishwa Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki, wenye ofisi zake Morogoro, ambao tunauita EAMCEF. Huo una mtaji uliotolewa kupitia Benki ya Dunia, na mtaji wenyewe hauliwi. Unawekezwa, faida ndiyo inayokwenda kwenye misitu na vijiji vinavyoizunguka. Wanafunzi wa uchumi, nendeni mkasome mifuko ya namna hiyo inavyoendeshwa. Wanaoifahamu vizuri bado si wengi, na kazi zipo.

Vukeni mpaka wa Kenya muende Gazi, Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda mikoko, hekta 117, na tangu mwaka 2013 wanauza kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, yaani mtu wa mbali anayetaka kufidia hewa ukaa anayoitoa anawalipa kwa ile inayoshikwa na miti yao. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja. Wanapima unene wa miti kwa kamba, wanapiga hesabu, wakaguzi wanahakiki, mnunuzi analipa, na wanakijiji wanakaa mkutanoni kuamua pesa ifanye nini. Imenunua vitabu vya shule na kuleta maji ya bomba. Kwa hiyo kuna mtoto Kwale anayesoma kitabu kilicholipiwa na mkoko. Biashara ya hewa ukaa ina wapinzani wake, na hoja zao nyingine ni za kweli, hasa kuhusu nani anabaki na fungu kubwa. Anayetaka kubishana nami kuhusu hilo anifuate baada ya chakula.

Na kuna pesa iliyo karibu zaidi, ambayo mimi sijafanikiwa kuigusa nawaachia ninyi. Jiji la Tanga linakunywa maji ya mto Zigi. Zigi inatoka kwenye misitu hii hapa juu. Mama anayefungua bomba Ngamiani anautegemea mvule ambao hajawahi kuuona. Sijui kwa nini tunakwenda Brussels kabla ya kwenda Ngamiani. Wenzangu husema Watanzania hawana utamaduni wa kuchangia. Anayesema hivyo hajawahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Kadi inakuja, ahadi inaandikwa, mweka hazina anakumbusha kila asubuhi, majina ya waliotoa yanapandishwa na ya wasiotoa yanaonekana kwa kukosekana, na ndani ya miezi mitatu ukumbi umelipiwa, keki imelipiwa, na bibi harusi amebadilisha nguo mara mbili. Kamati ya harusi ya Mtanzania inajua uchangishaji kuliko vitabu nilivyosomeshwa chuoni. Haijaombwa tu kufanya hivyo kwa ajili ya chanzo cha maji. Binti au kijana wa hapa atakayekwenda kuiomba, aniite. Nitabeba daftari.

Mnakwenda kwenye mitihani, kisha wengi wenu JKT, kisha vyuo. Kuna miezi ya kukaa nyumbani hapo katikati. Msisubiri ajira ili muanze. Tafuteni kamati ya maliasili ya kijiji chenu au kikundi cha akina mama, muombe kuwaandikia muhtasari na kuwatunzia hesabu. Hawatawalipa. Ila siku moja mtakaa kwenye usaili, mtaulizwa kama mmewahi kushika pesa za watu, na mtakuwa na jibu lenye tarehe na risiti.

Nimekuja na nakala za andiko moja halisi la mradi, lile lililokataliwa mara ya kwanza, pamoja na barua ya kukataliwa na andiko la pili lililokubaliwa. Majina na namba za benki nimezifuta. Nimezikabidhi kwa mlezi wa klabu, zitakaa maktaba, na yeyote anaruhusiwa kuzinakili. Mlezi ana namba yangu ya simu pia. Asanteni kwa kunisikiliza, na mwenyekiti wa klabu, ukurasa wangu nausubiri kabla sijapanda gari.